Nyundo ya Fundi

Nyie mnaolalamika kwamba emoji zinachafua grupu letu la wapangaji, mnanichosha. Mnamcheka fundi wa kuchomelea eti hajui kuandika. Vidole vyake mmeviona? Vimeungua mpaka vimekuwa vinene, akigusa herufi moja zinatokea tatu. Kwa hiyo anatuma nyundo, basi. Juzi kitasa cha bafuni kiligoma, bibi yangu mwenye presha yuko ndani. Nikaomba msaada grupuni, mkanijazia mikono ya dua. Yeye akatuma nyundo, na sijaweka simu chini nikasikia geti linagongwa. Nikamfungulia, akafika mlango wa bafuni akapaza sauti: "Bibi, kaa mbali na mlango!" Bibi akamtania kutoka ndani: "Subiri nivae kwanza, mume wangu!" Pigo moja, kitasa kikang'oka. Ahsante, fundi. Nanyi, mkiiona nyundo yake, msicheke. Kimbieni mkamfungulie geti.