Mahali pa Kuvuta Pumzi

Mama yangu amelala katika kila wimbo niliotunga. Alilala kwenye harusi ya dada yangu, kwaya ikiimba kwa sauti nne. Alilala Nairobi ukumbini, kiti cha mbele, na piano iliposhuka sauti akakoroma kidogo. Hana ubaya. Husema tu kwamba muziki wangu ni kama uji wa moto, mtamu lakini unaleta usingizi. Kwa hiyo kanisa lao la Kikima, huko Mbooni, liliponiomba wimbo mpya wa Jumapili ya shukrani, nilijua safari yangu ni ya nini. Nilikuwa nakwenda kumfanya mama akae macho mpaka mwisho.

Kwaya niliiazima Migwani, upande wa Kitui, kwa sababu mwalimu wao, Musyoka, nilisoma naye. Nilikuwa nimemtumia wimbo kwa simu, picha za karatasi nilizoandika solfa, zile do-re-mi, kwa mkono, nao wakaanza mazoezi bila mimi.

Jumamosi asubuhi niliondoka Nairobi na gari la kuazima. Kinanda cha umeme nilikifunga mkanda kwenye kiti cha nyuma kama mgeni wa heshima.

Katika soko la Kwa Vonza, njiani kwenda Kitui, nilisimama kunywa chai. Mama wa hoteli alichungulia garini.

"Hiyo keyboard, wewe ni DJ?"

"Hapana, mimi ni mtunzi. Natunga nyimbo za kwaya na piano."

"Ebu imba moja."

Nikamwimbia ubeti wa kwanza wa wimbo mpya, kwa moyo wote. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Sawa," akasema. "Sasa itaanza saa ngapi?"

Nilimweleza kwamba ulikuwa umeshaanza. Akaniongezea mandazi bila malipo, na ninaamini ilikuwa huruma.

Migwani nilifika mchana. Kwaya ilikuwa darasani ikiningoja, sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, imefunikwa juu ya dawati. Walikula nami, kisha wakasimama wakaimba, na nilitaka kuwakumbatia mmoja mmoja. Waliimba vizuri kuliko nilivyoandika. Ndipo tukafika ukurasa wa mwisho. Hapo wimbo unapanda mpaka juu kabisa, halafu sauti zote na piano hunyamaza kwa muda, kabla mstari wa mwisho haujaingia polepole. Ndani ya kile kimya nilikuwa nimeandika maagizo kwa waimbaji: vuta pumzi.

Kwaya ikayaimba.

"Vuuuta pumzi," walianza wanawake, taratibu, kama watu wanaobembeleza mtoto. "Vuta, vuta pumzi," wanaume wakaitikia.

Nikainua mikono kuwasimamisha. "Musyoka, hii imetoka wapi?"

"Kwa karatasi yako. Maneno yalikuwa hapo lakini notes hazikuwa. Nikajua simu imezikata. Sasa nikajazia."

"Hayo si maneno ya wimbo! Nilikuwa nawaambia mpumue!"

Mama Ndinda, kiongozi wa soprano, akaanza kucheka, na wengine wote wakamfuata mpaka madawati yakatikisika.

"Lakini mwalimu," akaniambia akijifuta machozi, "hiyo part ndiyo tamu. Hapo tukifika, mimi hufunga macho."

"Itoke."

"Itoke kabisa?"

"Kabisa. Hapo ni kimya."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtaalamu, lakini ukweli ni kwamba niliona wivu. Tukafanya mazoezi ya kunyamaza, kazi ngumu kuliko kuimba. Kila tulipofika pale, besi mmoja alichomoka na "vu..." akajiziba mdomo. Mazoea yana taabu.

Jumapili alfajiri basi la shule lililobeba kwaya lilitangulia, nami nikafuata. Tulirudi Kitui, tukapita Machakos, tukaanza kupanda milima ya Mbooni, na madirisha ya basi yakafungwa moja baada ya jingine. Kikima ilikuwa ndani ya ukungu. Mama Ndinda alishuka amejifunga leso mbili.

"Na hapa watu huishi?" aliuliza.

Kanisani, mama yangu alikuwa amekaa benchi la pili, kitambaa cha kijani kichwani. "Nimekunywa chai vikombe viwili," alininong'oneza. "Nitajaribu."

Baada ya mahubiri tulianza. Piano ya kanisa ilikuwa kuukuu, lakini ilinivumilia. Kwa jicho moja nilitazama nota, kwa jingine kile kitambaa. Ubeti wa kwanza kilikuwa wima. Ubeti wa pili kilianza kuinama. Tulipofika kileleni kilikuwa kimelala begani kwa jirani yake. Nikaondoa mikono kwenye piano. Kimya.

"Vuuuta pumzi," akaimba Mama Ndinda peke yake.

Sijui kama alisahau au alikusudia. Nimemwuliza, anacheka tu. Kwaya nzima ikamfuata. Na kanisa, wazee kwa watoto, likafanya lilivyoambiwa. Nilisikia mamia ya watu wakivuta pumzi pamoja. Hata mimi nilivuta, nikachelewa kuingia na piano. Kitambaa cha kijani kilikuwa kimeinuka, na mama alikuwa akinitazama.

Jumatatu asubuhi alinisindikiza mpaka kwa gari. Usiku kucha hakuwa amesema lolote juu ya wimbo, nami niliogopa kuuliza.

"Hiyo ya vuta pumzi," akasema, "uliitunga ukinifikiria?"

Kudanganya kungekuwa rahisi, ila sikuweza. "Hapana, mwaitu. Ilikuwa makosa. Hapo palitakiwa kuwa kimya, na hata sauti ile ni Musyoka aliyeitunga."

"Tangu tumzike baba yenu, kila mtu huniambia nijikaze. Jikaze, mama, jikaze. Jana ndiyo mara ya kwanza mtu ameniambia nipumue."

"Lakini ni makosa, mama."

"Basi kosea tena," akasema, akanifungia mlango wa gari.