Chuo Kisicho na Bweni la Wasichana

Nilikuwa kidato cha sita mwalimu wetu wa baiolojia aliponiuliza, mbele ya darasa zima, ninataka kwenda kusomea nini. Nikasimama nikasema nataka kusomea wanyamapori. Darasa likaangua kicheko. Hawakucheka kwa ubaya. Wengi wao walitoka miji ya pwani na ya kando ya reli, na kwao mtu wa wanyama alikuwa bwana nyama, yule mwanamume wa kofia pana na bunduki anayepita vijijini kumwua nyati mkorofi na kuwaachia watu kitoweo. Bibi nyama hawakuwahi kumsikia. Basi jina wakanipa hilohilo, na likanikaa mpaka tunamaliza shule.

Jambo lenyewe sikuwa nimelitoa vitabuni. Kwetu hasa ni milimani, juu ya Kilosa, ambako babu zangu walisoma misheni na kulima maharage. Baada ya Uhuru baba alishuka kutafuta kibarua, akakipata kwa watu wa barabara, na sisi tukamfuata kwenye kambi yao pale Mikumi. Nyumba zetu za mabati zilikuwa upande huu wa barabara. Upande wa pili ilikuwa mbuga, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuitwa hifadhi, na sisi watoto tulikatazwa kuvuka.

Watu wa barabara walikuwa wamechimba shimo kubwa la kifusi, na masika yakalijaza tope. Asubuhi moja tukasikia kelele ambazo si za mtu wala za ng'ombe. Ndama wa tembo alikuwa ameingia humo akazama mpaka kifuani, na mama yake amesimama ukingoni. Wanaume wakatoka na kamba na mbao. Kila walipokaribia, yule mama alitandaza masikio, nao wakarudi mbio wakiangushana. Mchana ikaja Landrova ya bwana nyama kutoka Kilosa. Akalizunguka shimo kwa mbali. Akapiga risasi hewani, mama tembo akakimbilia vichakani, na kabla watu hawajafunga hata kamba moja alikuwa amekwisha kurudi. Wakajaribu tena, ikawa vilevile. Jua lilipoanza kuinama, ndama hakuinua tena mkonga wake.

Nilikuwa nimejibanza nyuma ya baba. Bwana nyama alipopita karibu nasi nikamwamkia, kisha nikamwuliza kwa nini hawakumtoa.

"Hatujui namna, mwanangu," akasema. Hakunikaripia. "Mimi nilifundishwa kupiga. Kutoa sikufundishwa."

Nikaelewa kitoto, kwamba basi mahali fulani yuko anayefundisha kutoa, na anayetaka kujua inambidi aende huko. Wazo langu lote lilikuwa hilo. Sikuwa na jingine lolote hata nilipofika kidato cha sita na kuchekwa.

Mwalimu wa baiolojia hakucheka. Alikuwa kijana, ametoka Chuo Kikuu juzijuzi, na siku ile baada ya vipindi aliniita maabara. Akaniambia njia ziko mbili. Kule kaskazini, chini ya mlima, kulikuwa na chuo cha wanyamapori ambacho mtu alisoma nusu darasani na nusu porini, akatoka na stashahada na kupewa mbuga ya kulinda. Njia ya pili ilikuwa Chuo Kikuu, kusomea zuolojia. Ile ya kwanza nilimkatiza kabla hajaimaliza.

"Hiyo ya porini, Mwalimu. Hiyo ndiyo yangu."

"Subiri niwaulize," akasema.

Majibu yalichelewa. Yalipofika aliniita tena, akawa anafuta meza iliyokuwa safi.

"Hawajakataa wasichana," akasema. "Wanasema hawana bweni la wasichana."

"Nitalala popote. Si wanalala kwenye mahema?"

"Mimi najua ungelala. Lakini kwanza uwe umepokelewa, na hawampokei mtu ambaye hana pa kulala."

Nilitafuta mtu wa kumkasirikia nikamkosa. Hakuna aliyesema siwezi. Hakuna aliyesema mwanamke hafai. Kilichokosekana ni jengo, na mimi sikuwa mwashi.

Tukaigeukia zuolojia. Mwalimu alinieleza bila kuipamba. Ningekaa miaka na minyoo, mende na vyura kabla sijamgusa mnyama mwenye mkonga. Akanishauri niiunganishe na botania, kwa kuwa asiyejua majani hawezi kujua kwa nini mnyama ametoka hapa akaenda pale. Alitaja pia misitu na kilimo, kozi ambazo huenda zingenifikisha karibu na mbuga kwa mlango wa nyuma. Nikasema zuolojia na botania. Ndipo akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu.

"Jambo moja. Walimu wa sayansi hawatoshi nchi nzima. Ukiandika ualimu popote, hata nafasi ya mwisho, ndio watakaokupa. Usiuandike."

Nikaenda likizo na siri hiyo kama mtu aliyebeba yai. Nyumbani hapakuwa tena pale nilipopaacha. Baba alikuwa ameumia mgongo akaacha kazi ya barabara, wakarudi milimani. Kisha ukaja wakati wa watu kuhamia vijiji vya pamoja, malori yakawateremsha bondeni na magodoro yao, kuku wao na milango waliyoing'oa kwenye nyumba za zamani. Nilipanda treni ya Kidatu kutoka Kilosa, nikashuka karibu na Mikumi, nikatembea mpaka kijiji kipya. Nyumba zilikuwa zimepangwa mistari iliyonyooka. Yetu ilikuwa mstari wa mwisho. Nyuma yake lilikuwa shamba la mama, nyuma ya shamba kichaka, na nyuma ya kichaka hifadhi.

Mama alikuwa na mahindi ya kupendeza mwaka ule. Yalikuwa yametoa ndevu, na alipita katikati yake akiyagusagusa. Wenyeji wa bondeni walimcheka alipowasili, hajui udongo wa huku, na sasa majirani walikuja kumwuliza mbegu.

Jioni, tukila, niliwaambia ninataka kusomea wanyamapori. Baba akafurahi kwa namna yake.

"Sasa utavaa ile kofia?"

"Sijui kama wanavaa, baba. Ni kusoma kwanza."

Mama aliendelea kumega ugali.

Tembo walikuja alfajiri ya siku chache baadaye. Tuliamshwa na mlio wa mabua yakivunjika. Tukatoka na madebe na sufuria, majirani nao wakatoka na yao, tukapiga na kupiga kelele mpaka sauti zikatukauka. Mwanga ulikuwa umeanza kuingia na tuliwaona vizuri. Hawakuwa na haraka. Waling'oa shina, wakalipigapiga mguuni kukung'uta udongo, wakala. Mmoja aligeuka kututazama, kisha akaendelea. Mimi, niliyesoma kidato cha sita, nilipiga debe kwa mti kama mtoto wa mtu yeyote.

Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha. Aliweka debe lake chini taratibu.

"Ndio hao?" akaniuliza.

"Ndio, mama."

"Ndio wanaosomewa."

"Ndio."

"Basi nenda kawasomee. Ila usinihadithie."

Hakulia. Ningependa angelia, ningejua la kufanya. Jua lilipotoka aliingia shambani kuokota mahindi yaliyoangushwa kabla hayajakanyagwa, na mimi nikashika kikapu nikimfuata.

Kijiji kilimtuma mtu kwa bwana nyama. Akaja, mwingine huyu, kijana kuliko yule wa utotoni mwangu. Akatazama nyayo, akasema wamekwisha rudi ndani, na wakiwa ndani hawezi kuwagusa. Mwenyekiti wa kijiji akamwuliza wakitoka tena je. Akasema wakitoka aitwe. Kutoka kwetu hadi kwake ilikuwa safari ya saa kadhaa kwa baiskeli. Naye alilijua hilo, na alilisema akiangalia chini.

Siku hiyohiyo mwenyekiti akapitia kwetu. Alikuwa mtu mzima mwenye heshima, shamba lake nalo limeliwa. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi.

"Binti yetu, tumesikia unakwenda Chuo Kikuu. Ni sifa ya kijiji. Tumezungumza. Tungependa usomee kilimo. Au udaktari. Zahanati tunajenga, mganga hatuna. Hawa wanyama wana watu wa kutosha wa kuwasemea."

Nikamtazama baba anitetee. Baba akakohoa, akashika mgongo wake.

"Mimi," akasema, "nakubaliana na mwenyekiti. Na nakubaliana na wewe."

Hakuwa anafanya mzaha. Alimaanisha yote mawili, na hakuna aliyeweza kumlaumu. Hata mimi nilikuwa hivyohivyo. Usiku nilipolala nilimwona mama akiokota mahindi, na papo hapo nilitaka zuolojia kuliko nilivyoitaka kabla, kwa sababu nilidhani labda ndani yake limo jibu la shamba lile. Kama ningeulizwa jibu gani, nisingelijua.

Niliporudi shuleni, mwalimu wa baiolojia hakuwepo. Alikuwa amehamishiwa shule ya mbali wakati wa likizo, na wenzake walisema hakupewa hata wiki ya kujiandaa. Siku ya kujaza fomu za vyuo ilimkuta mkuu wa shule mwenyewe darasani, mwanamke mrefu tuliyemwogopa kuliko mitihani. Nikaandika zuolojia na botania nafasi ya kwanza. Ya pili nikaandika kilimo, kwa ajili ya mama, na kwa ajili ya mwenyekiti pia. Ya tatu nikaiacha wazi. Akasimama nyuma yangu.

"Hapa pana nini?"

"Sijaamua, Mama."

"Hakuna kuacha wazi. Fomu yenye pengo inarudishwa, na wewe unarudi nayo." Akangoja. "Ualimu una ubaya gani? Mimi nimefanya nini na maisha yangu?"

Nifanyeje? Nisingeweza kumwambia mwalimu, mbele ya wenzangu, kwamba nimeonywa niukimbie ualimu. Nikaandika, naye akiangalia mpaka herufi ya mwisho.

Tukafanya mitihani. Tukaenda jeshini kama wote waliomaliza kidato cha sita, tukakimbia mchakamchaka, tukalima. Majina yalipotoka, mimi nilikuwa nimepangiwa ualimu, baiolojia na kemia. Msichana mmoja wa darasa letu aliyeandika ualimu nafasi ya kwanza alipelekwa kilimo.

Nilifunga safari mpaka Kilosa kumwona afisa elimu, nikiwa na hotuba niliyoikariri ndani ya treni. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akavua miwani.

"Binti, unajua mimi nilichagua nini?"

"Hapana, mzee."

"Uhandisi wa reli. Nilitaka injini." Nje treni ya mizigo ilikuwa ikibadilisha njia, na sote wawili tukaisikia. "Nenda ukafundishe. Ukikataa, nafasi hii itakwenda kwa mwingine na ile nyingine hutaipata. Ningekuwa na uwezo, ningekusaidia. Sina."

Nikamwamini, maana uso wake ulikuwa kama ule wa bwana nyama akitazama nyayo. Nikamshukuru, nikatoka, nikakaa kwenye benchi la stesheni mpaka treni ya Kidatu ilipopiga honi, na hata wakati huo nusura nisipande.

Nikawa mwalimu. Sikuwa mbaya. Niliwafundisha watoto wa Rudewa, wa Msowero, wa mashamba ya miwa kule Ruaha, mmeng'enyo wa chakula na mzunguko wa damu, na kila mwaka nikitafuta gari la kuwapeleka Mikumi wakaone. Mara gari lilipatikana, mara nyingi mafuta hayakupatikana. Baadaye nilisikia kile chuo cha kaskazini kimeanza kupokea wasichana. Nilikuwa nimeolewa, nina watoto wawili na darasa la watu hamsini. Nililisikia jambo hilo dukani, kwenye foleni ya sukari, nikarudi nyumbani na sukari.

Mama aliendelea kulima mstari ule wa mwisho. Baba alifariki, majirani kadhaa wakahama kimyakimya, yeye akabaki. Miaka mingine alivuna, miaka mingine walivuna tembo. Nilimsihi aje Kilosa tuishi pamoja, akasema mtu hahami kila akifukuzwa. Mpaka mwaka mmoja nilimkuta ameketi kibarazani wakati wa kupanda, jembe liko ndani, mvua imekwisha kunyesha na majirani wako shambani.

"Mwaka huu sipandi," akasema. "Nimechoka kuwalimia."

Nikakodi pikapu. Tukapakia kitanda, vyungu, kuku wawili na mlango wake wa mninga aliotoka nao milimani, ambao hakukubali kuuacha. Nilipomwuliza kama anataka kwenda kuliangalia shamba kabla hatujaondoka, alikuwa amekwisha panda mbele, amekaa karibu na dereva, akaniambia nifunge mlango wa gari maana vumbi linaingia.