Mwanakwaya Mmoja

Shughuli yote iligharimu sufuria mbili za pilau, kreti nne za soda na maneno ya dada yangu, ambayo tangu siku hiyo ninayapata kupitia kwa watoto. Fedha siitaji, maana fedha ndicho kitu pekee nilichofanikiwa kutokutoa.

Dada ni mjane. Amemlea bintiye kwa kuuza mchele wa Kamsamba hapa sokoni Tunduma. Binti alipochumbiwa na kijana wa Nakonde, ng'ambo ya geti la mpaka, hofu ya dada ilikuwa moja tu: mtoto asije akaishi kwenye nyumba ambayo watamwona ametoka kwa watu wasio na kitu. Kwa hiyo kwenye sherehe ya kumuaga alitaka mambo mawili. Wageni wa Nakonde washibe, na binti aingie akiimbiwa na mtu hai, si na spika. Kamati ikanipa mimi kazi ya kumtafuta huyo mtu hai. Mimi ni dalali wa mahindi. Nimewahi kupunguziwa bei ya jeneza, tena la mtu niliyempenda.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba natafuta mwimbaji. Mjini hapa hakuna anayekubali kuitwa hivyo. Kijana wa bongo fleva niliyeanza naye alinitazama kama nimemwita mpiga debe.

"Mimi msanii, mzee. Ongea na meneja."

Meneja alikuwa shemeji yake, amekaa naye benchi moja, wanapokezana soda moja. Msanii, nikaja kuelewa, ni mtu anayetaka nusu ya hela kabla, chumba cha kubadilishia nguo, na mahali pa kuchomeka flashi. Flashi ndiyo inayoimba. Yeye anawapungia watu mkono.

Nikapanda hadi Vwawa kwa mama mmoja wa nyimbo za injili. Huyo ni mtumishi, na mtumishi haimbi, anahudumu. Nilipouliza bei alifumba macho.

"Huduma haina bei, mpendwa. Utanibariki kadiri Bwana atakavyokugusa."

Hapo udalali wangu ukakwama. Mtu akitaja laki, mimi nataja hamsini, tunakutana njiani. Sasa Bwana nitakutana naye wapi?

"Mimi huwa nagusika kidogo tu, mama," nilijaribu.

Akasema ataniweka kwenye maombi.

Utotoni kwetu, milimani Mbozi, hatukuwa na mizunguko hii. Ngoma ilikuwa na bibi mmoja anayeanzisha, wengine wanaitikia. Vitabu vinamwita manju. Sisi tulimwita bibi, na malipo yake yalikuwa kimpumu, pombe yetu ya ulezi, mrija wake ukitangulia chunguni kabla ya mirija ya wazee. Akikuta chungu kimekauka, aliimba aibu za watu waliokuwepo pale, kwa majina ya ukoo. Kwa hiyo chungu hakikukauka. Ule ulikuwa ushuru wa haki kabisa.

Mwishoni nikaelekezwa kwa fundi redio mmoja, kibanda chake kiko karibu na foleni ya malori. Watu walisema sauti yake inaweza kumsimamisha ofisa wa forodha kalamu hewani. Nikamkuta na bisibisi mdomoni.

"Unanitaka kama nani?" akaniuliza.

"Kama wewe."

"Mzee, mimi Jumamosi ni mwanamuziki. Napiga na bendi pale baa. Ukinitaka hivyo, unachukua na wenzangu wanne, na rapa."

"Rapa wa nini?"

"Wa kutaja majina ya wenye hela."

"Huyo abaki. Kwetu atakosa kazi."

"Jumapili ni mwanakwaya. Tena mimi ndiye ninayeanzisha."

"Mwanakwaya mnamlipaje?"

"Mwanakwaya halipwi."

Nilijisikia kama mtu aliyekuta gunia la kilo mia linauzwa kwa bei ya tisini. "Basi nakutaka kama mwanakwaya."

Akatoa bisibisi mdomoni. "Una uhakika, mzee?"

"Kabisa."

"Haya. Kamwombe mwalimu wetu wa kwaya. Bila yeye siwezi kufumbua mdomo."

Mwalimu wa kwaya alinipokea vizuri mno. Dalali mwenye akili zake angeshtuka. "Bwana asifiwe! Kwaya imepokea mwaliko," akasema, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Sikuuliza zaidi. Mtu anayekupa kitu bure, ukimuuliza maswali unamkumbusha.

Siku ya sherehe, mchana, wageni wa Nakonde wakiwa wameshaketi chini ya turubai na kofia zao magotini, ikaingia Fuso ya kubebea mahindi. Wakaanza kushuka watu wenye sare za zambarau. Wakashuka, wakashuka. Nilihesabu nikapata thelathini na nne. Nikarudia nikapata thelathini na saba, kumbe watatu walikuwa wamekwenda chooni.

"Kaka, hawa ni akina nani?" dada akanong'ona.

"Ndiye mwimbaji."

"Yupi?"

"Wote."

Hili mtoto yeyote wa Mbozi analijua, na mimi nililijua kabla sijaanza kupiga hesabu. Msanii ni mmoja hata akija na watu kumi. Mwanakwaya ni kwaya nzima hata ukimwita mmoja. Akitolewa peke yake si mwimbaji tena, ni sauti ya besi tu.

Siwezi kusema uongo, waliimba. Fundi redio alipoanzisha na wenzake wakapokea, binti akaingia taratibu, na dada akalia mpaka kilemba kikamdondoka. Kama shughuli ingeishia pale, leo ningekuwa mjomba wa kusifiwa.

Lakini mshereheshaji akashika kipaza sauti. "Wanakwaya wetu wana ibada ya jioni, tunaomba watangulie kwenye chakula!" Ndiyo desturi, na nani atainuka kuipinga mbele ya wakwe? Wakatangulia. Besi wanakula, jamani. Wakwe walipofika kwenye sufuria, mwiko ulikuwa unakwangua. Baba mdogo wa bwana harusi, mzee mrefu mwenye tai, alipewa ukoko na kipande cha shingo ya kuku. Akaupokea kwa mikono miwili.

"Natotela, bamulamu," akaniambia. Asante, shemeji. Alitabasamu. Angenitukana ningelala vizuri.

Fundi redio alinipita akielekea kwenye Fuso, anajichokonoa meno. "Nilikuuliza, mzee," akasema.

Dada hakupiga kelele. Alikaa kwenye sufuria iliyofunikwa kifudifudi, akasema, "Mwanangu anakwenda kupika kila siku kwa watu niliowapa ukoko." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyapata kwake moja kwa moja. Yaliyofuata yameletwa na mtoto wake mdogo: kabla ya harusi nivuke geti, niende kwa yule mzee mwenye tai, nikawapoze.

Harusi ni wiki ijayo. Nimefikiria jogoo, lakini jogoo mmoja kwa ukoo mzima ni tusi la pili. Nimefikiria mbuzi, lakini mbuzi atasema kwamba nyama tulikuwa nayo siku zote. Mchele ndio kabisa, siwezi hata kuutaja. Wewe uliyewahi kuwakosea wakwe mezani, tafadhali niambie: ulibeba nini, na mlangoni ulianza kusema nini?