Oili ya Subaru ya Nzilani

Nzilani alinunua Subaru ya turbo, ile mashine ya kuiongezea injini nguvu, mwaka aliotimiza arobaini, na Nunguni nzima ikataka kujua kwa nini. Mwanamke mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo, mshiriki wa kanisa, mama wa watoto watatu, Mwende akiwa wa kwanza, angenunua pikapu ya kubebea magunia. Yeye alichukua gari la bluu, la chini, lenye bomba la moshi linalonguruma hadi kuku wanakimbilia migombani. Wamama wa kanisani walipomuuliza, aliwajibu kwamba amelipenda tu. Jibu hilo halikumtosheleza mtu, lakini ndilo alilokuwa nalo.

Alichokuwa hajawaambia ni kwamba kulikuwa na uwanja wa vumbi nje kidogo ya Makindu, kule chini kwenye joto, ambapo watu wenye magari ya namna hiyo hukutana kushindana. Alienda mara moja kutazama na mumewe Mutisya, ambaye ni mwalimu Mukuyuni. Mara ya pili alienda na helmeti.

Shindano lake la kwanza halikufika mwisho. Alikuwa amekanyaga mafuta hadi chini, akiingia ile kona ndefu ya kushoto, mara taa nyekundu ya oili ikawaka kwenye dashibodi. Ikazimika. Ikawaka tena. Sindano ya geji ya presha ya oili ilikuwa imelala kabisa. Nzilani alizima injini na kuliongoza gari hadi pembeni, asijue kama ameliua au ameliokoa.

Siku iliyofuata alimwita Nzuki, fundi anayetengeneza magari karibu na soko la Nunguni. Nzuki alisikiliza, akapangusa mikono kwa kitambaa, akasema bila kusita:

"Mama Mwende, hiyo oili yako ni maji. Makindu kuna joto, na wewe unaichapa gari kama punda. Weka 20W-50. Oili nzito inashika chuma."

Maneno hayo yalimwingia. Akaweka 20W-50. Lakini ilikuwa mwezi wa Julai, na Nunguni mwezi wa Julai asubuhi ukungu huja mpaka mlangoni. Alipowasha gari, injini iligongagonga kama sufuria yenye mawe, na taa ya oili ikachukua muda mrefu kuzimika kuliko alivyozoea. Alisimama pale uani amejifunga shuka mabegani, akaona aibu, kana kwamba amemlisha mtu chakula kibaya.

Akampigia simu Gikonyo, mwenye duka la spea Makindu, mtu ambaye wazazi wake walihamia mji ule kutoka Nyeri kabla hajazaliwa.

"Madam, nani alikwambia hivyo?" Gikonyo karibu apige kelele. "Fungua boneti, soma kifuniko cha oili. Kimeandikwa 5W-30. Waliotengeneza gari si wajinga. Ukiweka uji asubuhi na baridi, turbo itakosa oili, na turbo ikienda, usinilaumu."

Na hayo pia yalimwingia. Ndiyo iliyokuwa taabu yake: kila mtu akisema, alimwona amesema kweli. Alimwaga ile nzito akaweka nyepesi. Asubuhi iliyofuata injini iliamka kimya kama mtoto aliyeshiba. Nzilani alifurahi mpaka aliposhuka Makindu Jumamosi kufanya mazoezi. Baada ya mizunguko michache ya kuendesha kwa nguvu, alisimama injini ikiwa bado inanguruma, akaangalia geji. Sindano ilikuwa imeshuka hadi karibu na sifuri.

Jioni hiyo alimweleza Mutisya yote, mezani, chakula kikipoa.

"Lakini Mama Mwende," Mutisya alisema, "oili si ni oili?"

"Hata mimi nilidhani hivyo."

"Sasa nani mwongo, Nzuki au yule wa Makindu?"

"Hakuna mwongo. Hapo ndipo naumwa kichwa."

Mutisya alimkumbusha asali ambayo shangazi yake Syokau huwaletea kutoka Kitui. Ikikaa hapa kwao huganda hata kijiko kisimame. Kule kwa Syokau humiminika yenyewe. Nzilani akakubali kwamba ndivyo, ila akauliza: kama gari linalala Nunguni na kukimbia Makindu, liwekwe asali ya wapi? Mutisya akavuta sahani yake akala.

Nzilani alirudi kwa Gikonyo, safari hii ana kwa ana, akamwomba amweleze zile namba polepole, kwa sababu alikuwa ameanza kuziota. Gikonyo alimwambia kwamba namba ya kwanza, yenye W, inaonyesha oili inavyotiririka wakati wa baridi: ikiwa ndogo, inafika haraka unapowasha. Namba ya pili inaonyesha uzito wake injini ikishapata moto: ikiwa kubwa, inabaki nzito zaidi.

"Kwa hivyo nataka namba ndogo mbele na kubwa nyuma?" Nzilani aliuliza.

"Isiwe kubwa sana."

"Sana ni ngapi?"

Gikonyo alijikuna shingo. "Madam, wateja wangu wengi wanaenda sokoni na kanisani. Hakuna anayeichapa gari kama wewe. Jaribu 5W-40. Ikikataa, tutaongea."

Ilikubali. Asubuhi injini iliwaka vizuri, na Makindu kwenye joto sindano ilisimama mahali pa kutia moyo. Nzilani alifika shindano la pili akiimba pambio ndani ya helmeti. Kwenye mazoezi akaingia ile kona ndefu ya kushoto, na taa nyekundu ikawaka.

"Aiya!" alisema kwa sauti, peke yake ndani ya gari.

Alitoka, akakaa juu ya tairi la akiba, akaangalia vumbi. Alijiona mjinga kuliko siku ya kwanza, maana siku ile angalau hakujua chochote. Alipotulia alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa imegusa ncha tu.

Hakuamini, maana alikuwa amepima nyumbani asubuhi ileile, na ilikuwa imejaa. Kisha akauona uga wake akilini: ule mteremko ambao watoto huviringisha matairi hadi kwenye ua wa jirani. Alikuwa akipima oili kila siku gari likiwa limeinama, na oili yote imekimbilia upande wa kijiti. Tena turbo, ikichapwa, hunywa oili kidogo kidogo. Ikipungua namna hiyo, kwenye kona ndefu inakimbilia pembeni, na pampu inavuta hewa.

Alijaza oili ya akiba hadi alama ya juu, hapo uwanjani palipo tambarare. Kwenye shindano lenyewe taa haikuwaka hata mara moja. Alimaliza wa tano kati ya magari tisa, akapiga honi hadi Mutisya, aliyekuwa amekuja kumtazama, akaziba masikio.

Njiani kurudi mumewe aliuliza, "Kwa hivyo shida ilikuwa oili kupungua, si uzito?"

"Ndiyo." Kisha, walipoanza kupanda mlima: "Lakini ile nyepesi ilikuwa inashusha sindano kweli. Au nayo ilikuwa imepungua? Sikupima kule uwanjani."

"Na ile nzito?"

"Ile iligonga. Niliisikia kwa masikio yangu." Akabadilisha gia. "Sijui, Baba Mwende. Sijui kabisa."

Nzuki bado husema kwamba angeivumilia ile nzito mpaka joto lirudi. Gikonyo husema kifuniko hakidanganyi, ingawa yeye ndiye anayemuuzia 5W-40. Nzilani ameshindana mara kadhaa tangu hapo na injini ingali nzima. Siku hizi wenye magari hupita dukani kwake kumuuliza waweke oili gani. Yeye huwauliza gari linalala wapi, linakimbia wapi, na mara ya mwisho walilipimia oili mahali gani. Wengi huondoka wamechanganyikiwa, wakiwa wamenunua dawa ya kupe.