Swichi Ambayo Mama Ngazi Alikataa Kuifunga

Mtaani kwetu hakuna asiyemjua Mama Ngazi. Ni fundi wa sola, mama wa makamo, mfupi, mpana wa mabega, na jina hilo alibandikwa kwa sababu hapandi ngazi ya mtu. Hata ukimwambia unayo nzuri, ya chuma, umeinunua juzi tu, atakusikiliza, atakushukuru, halafu atakwenda kuishusha yake. Anasema ngazi ni kama mswaki. Alianza kwa kutengeneza redio kwenye kibaraza cha dada yake, wanaume wakimpelekea mbovu za kutupwa makusudi ili wamcheke. Wengi wao leo sola za paa zao kazifunga yeye, na hawacheki tena.

Mimi ni mstaafu wa zimamoto. Afande, ndivyo wanavyoniita mpaka leo, hata kinyozi. Miaka thelathini na mmoja nimeingia kwenye nyumba za watu zikiwaka, na nyingi nilizoingia mimi hazikuchomwa na jiko, zilichomwa na waya uliosahauliwa. Pasi, feni kuukuu, chaja ya simu iliyolaliwa chini ya mto. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na mimi nimeumwa mara nyingi. Kwa hiyo nyumbani kwangu kila ikifika saa nne usiku nilikuwa napita chumba kwa chumba nachomoa. Runinga nachomoa. Redio nachomoa. Friji nachomoa. Mke wangu alinisema miaka ya mwanzo, akachoka, akanyamaza, nami nikadhani nimeshinda.

Sasa nikwambie mapema, maana sipendi watu wanaosimulia kwa kuficha ficha. Ndani ya friji hiyo, nyuma ya chupa za maji, kwenye kopo la siagi, mke wangu alikuwa ameweka dawa yake ya kisukari, ile ya kuchoma sindano, ambayo ikipata joto inaharibika. Alikuwa na miezi minane anajichoma. Mimi sikujua. Kila nikishalala alikuwa akiamka na kuichomeka friji tena, na alfajiri, kabla sijafumbua macho, anaichomoa ili niikute nilivyoiacha. Wanasema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Mimi nililala ndani, na ila yenyewe sikuijua.

Basi, umeme ulipozidi kukatika, watoto wetu, ambao wote wana miji yao sasa, walichanga tufunge sola na betri. Mama Ngazi alipokuja nilikuwa nimemwandalia ukurasa mzima wa maswali, maana kuuliza si ujinga. La kwanza, kama unavyonijua, lilikuwa moto. Nilitaka kujua hiyo betri itatuunguza lini. Hakucheka. Alisema betri anazofunga yeye ni za lithiamu ya aina isiyoshika moto kwa wepesi, na ndani zina kidude cha kukata umeme mambo yakienda kombo, lakini umeme ni umeme, hauzoeleki. Kwa hiyo haweki betri chumba cha kulala wala jikoni wala kwenye njia ya kutokea. Anaitundika ukutani, penye hewa na kivuli, mbali na mtungi wa gesi. Hapo nikamwona ni mtu mwenye akili.

Nikamuuliza habari ya siku za mawingu. Akasema paneli zinakula mwanga, si joto, siku ya mawingu zitakula kidogo, na jua likiwa kali kupita kiasi nazo huzembea kama sisi. Nikauliza, umeme wa mtaa ukikatika, kwani paneli peke yake haziwezi kuniwashia taa? Hiyo betri ya nini? Akasema zikiunganishwa na umeme wa mtaa bila betri, nazo zinajizima, zisije zikamrusha fundi aliye juu ya nguzo. Betri ndiyo itatubeba. Paa litavuja? Likivuja, nimwite yeye, nisimwite mwezeka paa. Pasi je? Pasi nipige mchana jua likiwapo, kwani usiku itainywa betri kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Paneli zitadumu nizeeke nazo, betri miaka kumi hivi nikiitunza, na vumbi nifute mwenyewe kwa maji na kitambaa, si kwa fagio la chuma.

Halafu ikaja zamu yake. Mama Ngazi hakutajii bei wala ukubwa wa betri siku ya kwanza hata umlilie. Anakuachia daftari la shule lililopigwa mistari kwa rula. Kila kitu kinachowashwa ndani ya nyumba kiandikwe, saa ya kuwashwa, saa ya kuzimwa, na safu ya mwisho ameiandika kwa mkono wake: mkono wa nani. Kwa wiki nzima. Watu wengi humnung'unikia, lakini mimi niliipenda kazi hiyo. Niliandika kama tulivyokuwa tukiandika matukio kituoni, kwa dakika, na mkono ulikuwa mmoja tu kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Aliporudi alilisoma lote, akalifunga.

"Afande, umeandika vizuri," aliniambia. "Ila humu kuna mtu mmoja. Nyumba hii ina watu wawili."

Nikamweleza kwamba mimi ndiye baba mwenye nyumba. Akasema swichi haimjui baba wala mama, akatoa daftari jingine mkobani, akampa mke wangu, na mimi akaniomba nisilishike. Nilijisikia kama mtoto aliyenyang'anywa kalamu. Nikaona nami nimpe sharti langu. Nikamwambia nataka swichi ya saa, ile inayojizima yenyewe, ikate umeme wa nyumba nzima saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, ibakize taa moja ya ukumbini. Nayo iwekwe ndani ya kisanduku chenye kufuli, ufunguo nikae nao mimi. Mke wangu alikuwa anatumiminia chai. Nakumbuka alisimama na birika mkononi, kisha akaendelea kumimina.

Jumatatu ya wiki iliyofuata Mama Ngazi alikuja kulichukua daftari la pili. Alilisoma pale pale sebuleni, mke wangu akiwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Alisoma ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili, akarudi wa kwanza. Akamuuliza mke wangu kama ni kila siku. Mke wangu akajibu kila siku. Nikauliza nini kila siku, wakanitazama wote wawili kana kwamba nimeuliza habari za nchi nyingine. Fundi akalitia daftari mkobani.

"Afande, nitakufungia yote uliyosema, ila hiyo swichi ya saa sikufungii."

Nilimuuliza ni betri yake au betri yangu. Akasema ni yangu. Nikamuuliza ni nyumba yake au nyumba yangu. Akasema ni yetu sisi wawili, akimwonyesha mke wangu kwa kidevu. Nikapandisha sauti, sikatai. Nilimwambia mafundi hawajaisha duniani, na kwamba mimi nimezima moto wa maghala wakati yeye anachezea redio. Alinyanyua ngazi yake bila kununa. Nilimsindikiza mpaka getini kwa ubishi tu, nihakikishe ametoka.

"Mimi nimefika mwisho wa kazi yangu," alisema pale getini, kwa sauti ya chini. "Lililobaki si la umeme. Kamuulize mama habari ya friji."

Siku hiyo hiyo nilitafuta fundi mwingine. Nilimpata jamaa mmoja wa simu mbili na viatu vya kung'aa, ambaye kila nililosema alijibu hakuna shida. Swichi ya saa? Hakuna shida. Kufuli? Hakuna shida. Ukubwa wa betri aliukadiria kwa macho akiwa amesimama mlangoni. Nilimbatiza Hakunashida, tukakubaliana aje Jumamosi, na hakutaka daftari lolote.

Lakini lile neno la getini lilininasa kama mwiba wa samaki kooni. Kamuulize mama habari ya friji. Nilijiambia friji yetu ina maji baridi na mboga za jana, kuna la kuuliza hapo? Siku ya kwanza nilijivunga. Siku ya pili nikaenda kuifungua, nikatazama chupa za maji, nikaifunga. Ijumaa alasiri mke wangu alikuwa chumbani anakunja nguo, hatuna maneno mengi tangu siku ile, nikaingia nikasimama.

Nikamwambia fundi alisema nimuulize habari ya friji.

"Amekwambia nini?" aliniuliza bila kuacha kukunja.

"Hajaniambia kitu."

"Basi huyo ni mtu," alisema.

Akaweka shati langu juu ya mengine, akalisawazisha kola, ndipo akaniambia. Kisukari, miezi minane. Zile siku alizoniaga kwamba anakwenda kwa dada yake, alikuwa anakwenda kliniki. Sindano anachoma bafuni nikiwa nimeshatoka kwenda kunyoosha miguu. Akanieleza na habari ya kuamka, mara mbili kila usiku. Akasema kwamba kesho Hakunashida akishafunga kile kisanduku chenye kufuli hatakuwa na la kufanya, na amekuwa akiwaza tangu Jumatatu apeleke dawa friji ya nani mtaani.

Nilikasirika, nisiseme uongo. Nilimuuliza mimi ni nani humu ndani, jirani? Aliniacha nimalize.

"Ulimuuguza kaka yako," alisema. "Nilikuona. Ulimpangia chakula, ulimpangia usingizi, ukamgombeza kwa kila andazi, mpaka anakufa alikuwa anakuogopa wewe kuliko ugonjwa. Baba watoto, wewe ukisikia neno ugonjwa unaingia na mpira wa maji. Mimi nilitaka niumwe taratibu, nyumbani kwangu."

Kaka yangu nilimpenda kuliko nafsi yangu. Nilitaka kumjibu hivyo, nikaona halijibu kitu. Nilitoka nikakaa uani. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nahesabu: mwanamke wa miaka sitini na mmoja, gizani, anapapasa ukuta asije akaniamsha, usiku mara mbili, miezi minane, kwa ajili ya waya niliouchomoa mimi ili asife kwa moto. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Nilimpigia Hakunashida nikamwambia asije. Akasema hakuna shida. Kisha nikaenda kwa miguu kumtafuta Mama Ngazi, nikamkuta mtaa wa tatu, yuko juu ya paa la watu, anakaza vyuma. Ilibidi niombe radhi nikiwa natazama juu, jua linanipiga machoni, wenye nyumba wanasikiliza. Nilisema yote niliyopaswa kusema, hata lile la redio. Alinisikiliza mpaka mwisho, spana mkononi.

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza."

"Basi Jumatatu," alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Jumatatu alikuja, akafunga paneli sita na betri iliyonenepa kidogo kuliko niliyoitaka, ukutani nyuma ya nyumba. Friji aliipa laini yake peke yake, isiyopitia swichi yoyote ya ndani ya nyumba. Alinionyesha mwenyewe mahali pa kukatia umeme hatari ikitokea, akanieleza mara mbili, kwa upole, kama mtu anayemkabidhi mlevi aliyeacha pombe ufunguo wa gari. Sikumlaumu.

Asubuhi ya Jumanne sikutoka kunyoosha miguu. Mke wangu alitoka jikoni na lile kopo la siagi, akaliangalia bafu, akaniangalia mimi, kisha akaja akakaa ukingoni mwa kitanda. Nilibaki nimesimama karibu na kabati, mikono sijui niiweke wapi. Maneno yalikuwa yamenijaa: umekula saa ngapi, umepima, umenawa mikono, daktari ni yupi. Niliyameza moja moja, na si kazi ndogo.

"Kaa basi," aliniambia. "Umesimama kama uko kazini."

Nikakaa. Alipandisha gauni kidogo. Paja lake lilikuwa na alama ndogo ndogo nyingi, nyingine zimefifia, nyingine mpya, na mahali pamoja palikuwa pamevilia damu. Miaka thelathini na minane nimeoa. Alichoma haraka, bila kukunja uso, kama mtu anayetia kifungo, akaweka pamba.

Nikamuuliza kama inauma.

"Hii haiumi," alisema. "Ya kwanza ndiyo iliniuma. Nilikuwa peke yangu."