Weupe wa Ndugu Yangu Mdogo

Ndugu yangu mdogo alizaliwa nyumbani kwetu, mtaa wa Bel-Air, asubuhi moja ya baridi ya Julai, wakati jimbo letu la Katanga lilikuwa limejitenga na nchi, na askari walikuwa wamefunga njia ya kwenda hospitalini. Alitoka kabla ya miezi yake, mdogo kama kuku aliyenyonyolewa, amefunikwa utando mweupe mzito toka kisogoni hadi kwenye mikunjo ya mapaja. Mimi, msichana wa miaka tisa, kazi yangu ilikuwa kupepea makaa ya mbabula, jiko letu la bati. Hadi leo nikisikia harufu ya makaa yanayoanza kushika moto, naitamani ile nyumba pamoja na baridi yake yote.

Nkambo, mama yake baba, aliyetoka Kasai akiwa na Biblia na ukali wake, alipouona ule weupe alishikwa na haya. Kwao ilisemwa kwamba mtoto huzaliwa hivyo wazazi wakishindwa kuvumilia na kulala pamoja hadi mwezi wa mwisho. Nilielewa nusu tu, ila masikio nilikuwa nayo. Akaniagiza beseni la maji ya moto na sabuni ya kufulia, amwoshe.

“Bamama ba kanisa batakuya kumuona,” alimwambia mama. “Batasema nini?”

Mtoto hakulia. Alitoa sauti nyembamba tu, na midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Niliogopa sana kwamba angetufia pale pale.

Ndipo jirani wa ng'ambo ya barabara akaingia bila hodi. Alikuwa mwenyeji wa Katanga, mke wa mfanyakazi wa mgodini, na tangu siasa ilipowatenga wenyeji na watu wa Kasai kama sisi, nyumba zetu hazikuwa zikisalimiana. Alikuwa amemsikia mama akilia kwa uchungu. Alichukua beseni langu akamwaga maji yote uani, nami nikanuna, maana nilikuwa nimeyahangaikia.

“Mama, hapana kumunawisha,” alimwambia nkambo. “Ile njo nguo Mungu alimuvalisha. Ukiitoa, baridi itamuua.”

Akamlaza mtoto kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, akawafunika blanketi. Siku tatu alikuja hivyo, na weupe ukawa unazama taratibu ndani ya ngozi. Nilimpenda mama yule kupita kiasi.

Siku ya nne hakuja. Mume wake alikuwa ametishwa kazini kwa sababu yetu. Asubuhi hiyo hiyo mtoto akalia kwa mara ya kwanza, kilio cha kweli, hadi mabati yakaitika. Wamama wa kanisa walikuwa wamekaa sebuleni. Nkambo akamnyanyua mtoto, akapita mbele yao, akavuka barabara huku mtaa mzima ukimtazama. Mlangoni kwa jirani akafungua kitenge alichomfunga mtoto, akaonyesha weupe uliobaki kwenye mikunjo ya mapaja.

“Mama,” alisema kwa sauti kubwa, “angalia, nguo yake ingaliko. Sikia vile iko analia.”