Banda la Sungura wa Siwema

Kila asubuhi mama mwenye nyumba wetu, pale Somanda, hulipapasa banda la sungura kwa viganja, akitafuta msumari uliochomoza au waya uliokatika. Sakafu ameipigilia mbao, maana waya huumiza nyayo. Ameliinua juu ya matofali, upande wenye kivuli, na majani makavu huyanusa kwanza ndipo ayatandaze. Huku akifanya hayo humsemesha sungura Kisukuma, kwa sauti ya upole ambayo sisi wapangaji hatujawahi kuipata. Sungura mwenyewe ni wa Siwema, mwalimu aliyepanga chumba cha uani mpaka alipohamishiwa Tanga. Jana Siwema alipiga simu, mama akaiweka spika.

"Mama, nimepata kondakta. Mpe sungura, ataniletea."

"Huyu hapandi basi na joto hili, mwanangu. Njoo umchukue mwenyewe."

"Likizo hii sitaweza, mama. Basi, kaa naye tu."

Simu ilipokatika, mama aliingiza kidole kwenye waya, akamkuna sungura sikio taratibu.

"Umesikia?" akaniambia bila kugeuka. "Amesema atakuja."